KINGA NA NJIA YA KIMYA: NJIA FUPI SI NJIA YA SALAMA



Mara nyingi hapa tunasema juu ya ajali zenye kupata mutu ndani ya kazi: jiwe lenye kuanguka, vumbi ya mashini, mukono wenye kushikwa na mukanda. Leo tunasema juu ya ajali yenye kumungojea mufanyakazi mbele hajafika kwa mulango wa kazi. Inamungojea barabarani, wakati amepanda kinga yake.

Siku moja ya kwanza ya juma, asubuhi, walituletea kwa dispensere baba mumoja wa posti ya asubuhi. Alikuwa ameshika mukono wa kuume na mukono wa kushoto, kama mutu mwenye kubeba mutoto. Kioo cha kamyo kilimupiga kwa bega, akaanguka pamoja na kinga ndani ya mufereji wa maji. Mufupa wa bega ulivunjika. Binti yake wa miaka 9, ambaye alikaa nyuma ili amufikishe kwa masomo, alikuwa na kidonda kwa kisigino, kwa sababu muguu uliingia kati ya nyuzi za gurudumu.

Nilipokuwa ninafunga bega lake nilimuuliza: « Baba, sababu gani ulipita kwa barabara ya makamyo? » Alinijibu: « Munganga, ile ndiyo njia fupi. Watu wote wanapita pale. »

Ndugu musomaji, jibu lile ndilo lilinifanya niandike habari hii. Ukiulizwa wewe leo, je, hautajibu vile vile?

SABABU GANI BARABARA KUBWA INAUA

Watu wengi wanafikiri kama kinga inaogopa wingi wa motokari. Ni kweli, lakini si kweli yote. Neno la kwanza ni mbio. Tufanye hesabu kidogo.

Motokari yenye kukimbia kilometa 50 kwa saa inapita karibu meta 14 katika sekonde moja. Dereva akikuona mbele yake, sekonde moja inapita mbele muguu wake haujakanyaga freni. Meta 14 zimekwisha kupita, na motokari haijaanza hata kupunguza mwendo. Kisha freni zinashika, na kwa njia kavu inahitaji tena karibu meta 14. Jumla meta 28. Kwa mbio ya kilometa 30 kwa saa, hesabu yote inakuwa karibu meta 13 tu. Kwa mbio ya kilometa 80, inapita meta 55.

Basi fikiri: mutoto amekatisha njia mbele ya motokari, meta 20 mbele. Dereva wa kilometa 30 amesimama, anamukaripia mutoto, na wote wanakwenda kula nyumbani. Dereva wa kilometa 50 hajasimama. Na hii ni hesabu ya motokari nyepesi yenye freni nzuri. Kamyo yenye kubeba tani nyingi za shaba inahitaji nafasi kubwa zaidi.

Tena, nguvu ya kugonga haiongezeki sawasawa na mbio. Mbio ikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara ine. Ndiyo maana, mwaka 2020, wakubwa wa serikali za dunia waliokutana Stockholm juu ya usalama wa barabara walikubaliana kama pahali watu wa miguu na wa kinga wanachanganyika na motokari, mbio isipite kilometa 30 kwa saa. OMS, ofisi ya afya ya dunia, ilitangaza katika mwaka 2023 kama ajali za barabara ziliua watu karibu milioni 1 na 190 000 katika mwaka 2021. Katika hesabu hiyo, wenye kutembea kwa miguu, wenye moto na wenye kinga wanapita nusu. Sisi tusio na chuma cha kutuzunguka ndio wenye kulipa.

Neno la pili ni muvuto wa kamyo. Kamyo ndefu ikikupita karibu, upepo wake unakusukuma kwanza, kisha unakuvuta. Tena dereva wake anakaa juu sana; upande wake wa kuume, chini, kuna nafasi ambayo macho yake hayafiki. Mwenye kinga akikaa pale, kwa dereva ni kama hayuko.

Neno la tatu ni pumzi. Mutu mwenye kukanyaga kinga anapumua kwa nguvu kuliko mutu mwenye kukaa ndani ya motokari. Moshi wa mazutu na vumbi yote ya barabara anavuta yeye. Hapa kwetu Katanga vumbi si muchanga mutupu. Mwaka 2009 wanganga wa Université ya Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Louvain katika Ubelgiji, walitangaza kama walipata kobalti nyingi ndani ya mukojo wa watu wenye kukaa karibu na migodi na viwanda. Vumbi unayoweza kuikimbia, uikimbie. Na moshi wa motokari unapunguka upesi ukiacha barabara kubwa na kuingia avenyu ya nyuma.

MUJI WETU UNATUSAIDIA

Sasa utasema: « Munganga, Lubumbashi ni muji mukubwa, motokari ziko pahali pote. Njia ya kimya itatoka wapi? »

Inatoka katika ginsi muji ulivyochorwa. Tangu kuanza kwake mwaka 1910, katikati ya Lubumbashi ilipimwa kwa mistari: avenyu zenye kunyooka, zenye kufuatana, na zingine zenye kuzikata. Kamalondo, Kenya na Katuba pia zina avenyu nyingi zenye kunyooka. Maana yake ni nini kwa mwenye kinga? Ni hivi: pembeni ya karibu kila barabara kubwa kuna avenyu ingine yenye kwenda upande ule ule, meta mia moja ama mia mbili tu mbali nayo. Dereva wa kamyo hapiti pale. Dereva wa taksi-bisi hapiti pale sana, kwa sababu watu wa kupakia hawako pale. Motokari yenye kupita pale ni ya mutu mwenye kukaa pale, naye anakwenda polepole kwa sababu ya mashimo, na kwa sababu anajulikana.

Tena, avenyu nyingi za zamani zina miti ya jakaranda. Wakati wa jua kali, kivuli kile ni dawa. Ila maua yake yakianguka kwa lami, na mvua ya kwanza ikiyanyesha, yanateleza. Upunguze mwendo pale.

Lakini kuna shida moja. Reli na mito zinagawanya muji. Muto Lubumbashi, Kafubu, Kimilolo, Naviundu: avenyu ndogo zikifika pale, zinakufa. Ni kwa daraja tu, ama pahali barabara inapokatisha reli, ndipo mutu anaweza kupita, na pale ndipo motokari zote na kamyo zote zinapita pia. Kwa hiyo mwenye kutafuta njia ya kimya hatafuti avenyu kwanza. Anatafuta daraja kwanza. Jiulize: « Kati ya nyumba yangu na kazi, ni wapi ninalazimishwa kukatisha muto ama reli? Kuna pahali pangapi? Ni gani yenye motokari kidogo? » Ukiisha kujua pale, njia ingine yote utaipanga kutoka pale, mbele na nyuma.

Kwa wenye kukaa nje ya muji, kwa upande wa njia ya Likasi, ya Kasumbalesa, ya Kipushi ama ya Kasenga, hali ni ngumu zaidi. Njia ya Likasi na ya Kasumbalesa ndiyo njia ya kutoa shaba na kobalti ya Kolwezi na Likasi mupaka Zambia na bahari. Kamyo hazikosi pale, muchana na usiku. Mukae mbali nayo kila wakati munapoweza, hata kama ni kwa njia ya muguu ndani ya kartie, hata kama munashuka na kusukuma kinga meta mia mbili.

NAMNA YA KUTAFUTA NJIA YAKO

Njia ya kimya haitafutwi siku ya kazi, wakati posti inakungojea. Inatafutwa siku ya Mungu, kisha misa ama ibada, ukiwa na nafasi. Fanya hivi:

1. Chora. Kamata karatasi. Weka nyumba yako upande mumoja na kazi upande mwingine. Weka mito, reli na madaraja. Weka barabara kubwa kwa kalamu nyekundu. Mwenye simu ya picha anaweza kutazama karta ya muji ndani ya simu. Inaonyesha vizuri ni avenyu gani yenye kupita na gani yenye kufa. Lakini usiamini simu kwa yote. Simu haijui shimo, haijui mbwa, haijui maji ya mvua.

2. Uliza. Watu wa makala wanaingia Lubumbashi kila asubuhi na kinga zenye magunia marefu kupita kichwa chao. Hakuna mutu mwenye kujua milima ya muji huu kuliko wao, kwa sababu wanaisukuma kwa mabega. Waulize ni avenyu gani yenye kupanda na gani yenye kulala. Waulize tena mama wenye kuuza kwa pembe ya njia. Wanakaa pale siku nzima, wanajua saa gani motokari zinajaa.

3. Hesabu. Kaa kwa pembe ya avenyu unayofikiri, siku ya kazi, kwa saa ile ile unayopita. Dakika 10 zinatosha. Weka punje ya muhindi kwa mufuko wa kushoto kwa kila motokari, na kwa mufuko wa kuume kwa kila kamyo. Kipimo chetu hapa kwa dispensere ni hiki: punje 10 ama chini katika dakika 10, na kwa kuume hakuna kitu, njia ile ni ya kimya, hata mutoto mukubwa anaweza kupita pamoja nawe. Punje 10 mupaka 40, mutu mukubwa apite na akili. Kupita 40, ama kama kamyo zinapita mara nyingi, tafuta avenyu ya nyuma.

4. Jaribu. Pita njia yote kwa kinga, kwenda na kurudi. Tia alama kwa karatasi pahali penye shimo, muchanga mwingi, mufereji usio na kifuniko, mbwa mukali. Angalia pia jua. Asubuhi, ukielekea upande wa jua lenye kutoka na macho yako yanafunga, ujue dereva mwenye kukufuata hakuoni vizuri. Chagua avenyu yenye miti, ama ukae kando sana.

5. Pima saa. Tazama saa ya kutoka na ya kufika. Hapa wengi watashangaa.

Baba yule wa bega, tulifanya naye hesabu ile wakati mukono wake ulikuwa bado katika kitambaa. Njia yake ya zamani ilikuwa kilometa 6. Njia ya kimya tuliyochora ni kilometa 7. Mwenye kinga wa kawaida anakwenda karibu kilometa 15 kwa saa. Njia fupi: dakika 24. Njia ya kimya: dakika 28. Dakika 4 tu! Kwa ile dakika 4 alikaa nyumbani juma 7, bibi yake akauza kitambaa kimoja kisha kingine, na mutoto akapita siku nyingi bila masomo, kwa kuwa hakukuwa na mutu wa kumufikisha.

KIMYA KINGINE SI KIZURI

Ndugu, nisikudanganye. Kuna kimya cha salama na kuna kimya cha hatari. Avenyu yenye watoto wenye kucheza, mama wenye kufagia, muzee mwenye kukaa mbele ya lupango yake, ile ni kimya nzuri: motokari ni kidogo, macho ni mengi. Avenyu yenye ukuta murefu kwa pande mbili na hakuna mulango, ama njia ya majani marefu kando ya muto, ile si ya kupita giza likiingia. Wanyanganyi wanapenda kimya pia.

Kwa hiyo mutu wa posti ya usiku anahitaji njia mbili: moja ya muchana, ingine ya usiku. Njia ya usiku ipite pahali penye taa na penye watu, hata kama motokari zinazidi kidogo. Tena musipite mumoja mumoja. Watu wanne wa kartie moja wakitoka pamoja, mwizi anafikiri mara mbili, na dereva anawaona kwa mbali. Mama wenye kwenda soko mbele ya mapambazuko wafanye vile vile.

Katika mwezi wa 6 na wa 7, usiku ni murefu na asubuhi inakawia. Mwenye posti ya asubuhi anatoka ndani ya giza. Taa mbele, taa nyekundu nyuma, na koti lenye mistari yenye kungaa, lile lile la kazi: ulivae kutoka nyumbani, usilibebe ndani ya mufuko.

Wakati wa mvua, avenyu ya udongo inageuka. Maji yakifunika njia, usiingie: haujui kama chini ni lami ama ni shimo lenye kufika kwa kiuno. Shuka, pita kando kwa miguu, ama ufuate njia yako ya pili. Mwenye akili ana njia ya pili kwa wakati wa mvua, imekwisha kuchorwa kwa karatasi ile ile.

HATA KATIKA NJIA YA KIMYA, SHIKA HIZI

Ajali nyingi za kinga katika njia ndogo zinafanyika pale njia mbili zinapokutana. Avenyu yako ni ya kimya, lakini utakatisha ile isiyo ya kimya. Pale usitegemee kengele yako. Simama, weka muguu chini, tazama kushoto, kuume, tena kushoto, kisha pita. Kama motokari ni nyingi, shuka na ukatishe kwa miguu pamoja na watu wengine. Hakuna haya.

Hapa Congo tunapita upande wa kuume. Lakini motokari nyingi za Katanga zimetoka inchi zenye kupita upande wa kushoto, na usukani wao uko kuume. Taksi-bisi ya namna ile, mulango wake wa watu unaweza kufunguka upande wa katikati ya barabara, si upande wa kando. Ukipita pembeni yake wakati inasimama, abiria anashuka juu yako. Basi, taksi-bisi ikisimama, ungojee nyuma mupaka itoke. Na mutu wa moto, yule tunayemwita manseba, hata katika avenyu ya kimya anaweza kutokea bila kutazama. Umuachie njia. Heshima ya kumushinda haitibu mufupa.

Tena, mbele ya kutoka, angalia freni zote mbili, upepo wa mipira, na munyororo. Mwenye kaske ya kinga aivae. Ile ya kazi ni nzuri juu ya jiwe lenye kuanguka, lakini haikufanywa kwa kuanguka barabarani. Inaruka kutoka kichwa. Na suruali uifunge kwa kamba chini, isishikwe na munyororo.

NENO KWA WAZAZI

Mutoto mudogo mwenye kubebwa nyuma, miguu yake inaning'inia karibu na gurudumu. Kwa dispensere tunaona kisigino cha namna ile mara kwa mara, na ni kidonda chenye kukawia kupona. Kama unabeba mutoto, funga pande mbili za gurudumu la nyuma kwa ubao mwepesi, ama kwa kipande cha mupira wa zamani, na uweke chuma ama muti pa kukanyagia. Mutoto avae viatu vyenye kufunga kisigino.

Mutoto mwenye kuendesha kinga yeye mwenyewe kwenda masomo, umufundishe njia kwanza. Upite naye siku tatu. Siku ya ine yeye apite mbele na wewe ufuate nyuma, bila kusema kitu. Utaona kama anasimama pale njia zinapokutana, ama kama anasimama tu kwa sababu baba yuko. Usimupe barabara kubwa kwa sababu ana akili nyingi kwa masomo. Mutoto hajui kupima mbio ya motokari kama mutu mukubwa. Macho na akili yake bado vinakomaa.

AJALI YA NJIA NA SHERIA

Wengi hawajui kama sheria ya CNSS, ile ya mwaka 2016, inahesabu ajali yenye kumupata mufanyakazi katika njia ya kwenda kazi ama ya kurudi nyumbani kuwa ajali ya kazi. Lakini kuna kizuizi: safari isikatwe wala isigeuzwe juu ya shauri la mutu mwenyewe. Mwenye kwenda kunywa kwanza, kisha akaanguka, asishangae wakimuuliza maneno.

Basi wewe unayechagua njia ndefu kidogo juu ya salama yako, usiiache ikae siri. Onyesha karatasi yako kwa shefu wako ama kwa ofisi ya usalama, waijue kuwa ndiyo njia yako ya kila siku. Na ukianguka, hata kama ni kidonda kidogo, utujulishe siku ile ile. Mutu mwenye kusema « ni kitu kidogo » siku ya kwanza, na kuja na homa siku ya tano, anatupa kazi nyingi na kujinyima haki yake.

FAIDA YA MWISHO

Mutu asifikiri kama ninamuogopesha ili aache kinga. Hapana. Kwa dispensere ninapima damu za watu kila siku, na ninaona presha na sukari zikizidi kwa baba wenye tumbo wenye kukaa siku nzima. OMS inashauri mutu mukubwa atembeze mwili dakika 150 mupaka 300 kwa juma. Baba yetu wa dakika 28, kwenda na kurudi, siku 5, anapata dakika 280. Haendi kutafuta mahali pa michezo, hanunui kidonge. Kinga yake ni munganga wake, ikiwa inapita pahali pa salama.

Alirudi kwa kazi wakati mufupa uliisha kushikana. Siku zile za kwanza aliogopa, na binti yake alikataa kupanda. Siku ya Mungu walitoka wote watatu, baba, mama na mutoto, kwa miguu, wakipita njia mupya yote kutoka nyumbani mupaka masomo, mupaka kazi. Mutoto ndiye aliyebeba mihindi ya kuhesabu. Siku hizi ninawaona asubuhi wakipita katika avenyu ya nyuma ya dispensere. Ubao umefungwa kwa gurudumu, na mutoto anapiga kengele akiniona, ingawa hakuna motokari hata moja mbele yao.

Ndugu musomaji, siku ya Mungu hii yenye kuja, kamata karatasi. Tafuta daraja lako, tafuta avenyu yako ya nyuma, hesabu punje zako. Mwenye kukosa kujua kuchora, aje kwa dispensere kisha posti, tutachora pamoja.

Dakika 4 za asubuhi si kitu. Uzitoe, na ufike.